Usinunue Namba ya Shoga Yako

Siku ya kwenda kununua faundesheni, nawa uso kwa sabuni yako ya kawaida, paka mafuta mepesi unayopaka kila siku, halafu toka hivyo hivyo. Usipake poda, hata ile ndogo ya kutokea. Vaa nguo nyeupe yenye shingo iliyo wazi, na kama unajifunga mtandio, beba mweupe. Kitambaa chekundu au cha njano kikikaa karibu na kidevu hurusha rangi yake usoni, ukajikuta umechagua chupa inayopatana na blauzi.

Nayatanguliza haya kwa sababu mimi niliyakosea yote kwa pamoja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na sendofu ya binamu yangu, nikaingia duka moja jioni jioni, nimeshajipamba, nimevaa kitenge cha rangi ya chungwa. Muuzaji aliniangalia kutoka upande wa pili wa kaunta, hakunigusa uso, akasema: "Anti, wewe mweupe kabisa, chukua hii." Ilikuwa namba ile ile aliyokuwa akiitumia shoga yangu mmoja, na yeye faundesheni ilikuwa ikimkaa kama amezaliwa nayo. Nikalipa, na moyoni nikafurahi kuitwa mweupe. Picha za sendofu zilipokuja, uso wangu ulikuwa umetangulia na shingo imebaki nyuma. Mjomba aliuliza kama nilikuwa naumwa siku ile.

Sasa, jambo la kwanza kulijua ni kwamba namba haina maana nje ya kampuni iliyoiandika. Shoga akikuambia "mimi natumia 330", muulize 330 ya nani. Ile ya Maybelline Fit Me, inayoitwa Toffee, si 330 ya Fenty Beauty. MAC nao wana herufi zao, NC na NW, na hapo wengi hupotea, maana C husimama badala ya baridi na W badala ya joto, lakini matumizi yamegeuzwa: NC hupewa wenye ngozi ya udhahabu na unjano, NW hupewa wenye wekundu. Ukiingia kwao na elimu uliyoipata kwenye chupa nyingine, unatoka na rangi ya mtu mwingine. Na hata ndani ya kampuni moja, faundesheni ya maji na ile ya kopo gumu zenye jina moja zinaweza kutofautiana zikikauka. Kwa hiyo namba ni anwani ya kukurudisha dukani ukishaipata rangi yako, lakini kuitafuta rangi yenyewe hufanywa kwa macho.

Kina, na rangi iliyo chini

Ngozi ina mambo mawili ya kupima. La kwanza ni kina: weusi au weupe wake ni wa kiasi gani. Hilo kila mtu analiona, na ndilo wauzaji wengi hulipima peke yake. La pili ni rangi ya chini, yaani ile rangi inayochungulia kutoka ndani ya ngozi: wekundu, unjano, udhahabu, ubuluu, au ukijani kidogo kama wa zeituni.

Wazee wetu walishayaona haya yote mawili kabla chupa hazijafika. Mtu wa kawaida wa pwani akimweleza mwenziwe sura ya mgeni hasemi tu mweusi au mweupe. Atasema mweusi tii, atasema maji ya kunde, atasema mwekundu. Chemsha kunde uyatazame yale maji: ni kahawia, lakini kahawia yenye wekundu ndani yake. Na bibi akisema fulani ni mwekundu, anakupa kina na rangi ya chini kwa neno moja: ngozi ya mwanga, na wekundu unaoonekana. Hicho ndicho unachokitafuta mbele ya rafu, ila lebo zimeandikwa kwa majina ya kahawa na karanga za watu wengine.

Chanzo cha tofauti hizi ni cha kimwili kabisa. Melanini ya ngozi iko ya aina mbili, moja ya kahawia na nyeusi, nyingine ya wekundu na unjano, na chini yake kuna damu inayopita. Kila mwili una mchanganyiko wake. Ndiyo maana dada wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na kina kilekile, mmoja akawa na weusi unaoelekea biringanya na mwingine unaoelekea mdalasini. Wapake chupa moja: mmoja atapendeza, mwingine atapauka.

Kupauka ni neno zuri, tulitumie vizuri. Ukiifungua faundesheni hadi kwenye rangi zake, utakuta unga mweupe uitwao titani dayoksaidi, pamoja na oksidi za chuma za aina tatu, nyekundu, njano na nyeusi. (Hizo oksidi ni ndugu wa ile kutu inayokula bati la nyumba yako. Nami huwa nacheka nikikumbuka kwamba tunajipamba kwa kutu iliyosafishwa.) Kahawia yote unayoiona kwenye chupa imetoka humo. Kampuni mvivu ikitaka kutengeneza rangi ya ngozi nyeusi, huchukua mchanganyiko uliojaa ule unga mweupe na kuumwagia nyeusi. Nyeupe na nyeusi huzaa kijivu, na kijivu juu ya ngozi yenye uhai ndiyo majivu yenyewe. Kampuni nyingine hukimbilia kuongeza nyekundu, ukatoka uso wa tofali. Aliyeifanya kazi yake vizuri hupunguza ule weupe, hupima njano na nyekundu kwa mkono mwepesi, na kwa ngozi nyeusi sana wengine hutia buluu kidogo.

Iman, mwanamitindo aliyezaliwa Mogadishu na kuonwa akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, amesimulia mara nyingi yaliyomkuta alipofika New York mwaka 1975. Mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Hakuelewa hata swali lenyewe. Alipomaliza kupakwa kile kilichokuwepo, alijiona wa kijivu kwenye kioo. Baada ya hapo akawa anachanganya rangi zake mwenyewe na kuzibeba kila alipokwenda kupigwa picha, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Hadithi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa imeizaa kampuni ya vipodozi ya Fashion Fair kule Chicago mwaka 1973: Eunice Johnson, wa jarida la Ebony, aliona wanamitindo wake wakikoroga rangi wenyewe nyuma ya jukwaa kwa kukosa zinazowafaa. Fenty Beauty ilipotoka Septemba 2017 na rangi 40 kwa mpigo, zile nyeusi zaidi zilikuwa za kwanza kuisha katika maduka mengi. Iliingia rasmi katika nchi nane za Afrika Mei 2022, Kenya ikiwemo, Tanzania ikiachwa nje. Sisi huku tulikuwa na LuvTouch Manjano ya Shear Illusions ya Dar es Salaam, na Nairobi walikuwa na SuzieBeauty ya Suzie Wokabi, mpambaji aliyechoshwa na kutafuta.

Nimeyataja haya ili ujue kwamba ukisimama mbele ya rafu na usiione rangi yako, kasoro iko kwenye rafu. Ondoka. Usilazimishe "iliyo karibu" kwa kuwa umeshapanda daladala.

Kuijua rangi yako ya chini

Umewahi kuambiwa uangalie mishipa ya kifundo cha mkono, ikiwa ya kijani wewe ni wa joto, ikiwa ya buluu wewe ni wa baridi. Kwa ngozi ya mwanga inasaidia kidogo. Kwa ngozi ya maji ya kunde kwenda chini mishipa mara nyingi haionekani, na ikionekana inadanganya. Ile ya dhahabu na fedha nayo, kwamba ukipendeza kwa bangili ya dhahabu basi wewe ni wa joto, siiamini. Mwanamke wa pwani hupendeza kwa dhahabu kwa sababu amezoea kujiona nayo tangu utoto.

Njia ninayoitegemea ni ya mikono. Kusanyeni mikono mitatu au minne, ya dada, ya jirani, ya yeyote aliyekaribiana nawe kwa kina. Iwekeni sambamba juu ya shuka jeupe au karatasi nyeupe, barazani, upande wa ndani wa mkono ukiwa juu. Ukiutazama mkono wako peke yake utaona kahawia tu. Ukiuweka pembeni mwa mwingine, utashangaa: huu una asali, huo una wekundu wa udongo, ule kama kuna wino chini yake. Jicho halijui kupima rangi iliyo peke yake, linajua kulinganisha. Dakika tano za mchezo huo zitakufundisha kuliko maswali yote ya kwenye simu.

Kama uko peke yako, tumia kanga. Chukua ya njano ya haradali na nyingine ya zambarau au waridi iliyopoa, uzishike chini ya kidevu moja baada ya nyingine, bila mekapu. Moja itaufanya uso utulie, nyingine itatoa nje kila doa na kila weusi wa chini ya jicho. Ukitulia kwenye haradali, elekea kwenye chupa zenye udhahabu. Ukitulia kwenye zambarau, jaribu zenye wekundu au ubuluu. Zote zikikukubali, wewe ni wa kati, na una bahati, kwani chupa nyingi zitakusamehe.

Dukani

Usijaribishie mgongoni mwa kiganja. Mkono umeona jua la miaka yote, umefua, umepika, rangi yake haina habari na uso. Usijaribishie pia katikati ya shavu, maana pale utajua tu kwamba faundesheni inafunika.

Sehemu yake ni taya. Chagua rangi tatu: unayodhani ni yako, moja iliyozidi kidogo weusi, na moja ya kina kilekile yenye rangi ya chini tofauti. Chora mistari mitatu, kila mmoja wa upana wa kidole kidogo, ukianzia shavuni, ukivuka mfupa wa taya, ukishuka shingoni. Tumia pamba safi au kijiti, si kidole kilichoingia kwenye chupa ya kila mtu. Gonga gonga kwa upole, usisugue. Mstari wako ni ule usiouona. Unaokuvutia macho, hata kama umevutia kwa uzuri, si wako.

Halafu toka nje. Hapa ndipo wengi tunaona haya, tunadhani muuzaji atatuona wasumbufu. Mwambie tu: "Dada, naomba nitoke mlangoni niangalie kwenye mwanga." Muuzaji anayekataa hilo anajua kitu kuhusu bidhaa yake. Taa za mirija za dukani zina ubuluu unaoua udhahabu wa ngozi, na balbu za njano hufanya kila kitu kionekane kitamu, kama nyama buchani. Lakini usikimbilie jua la saa sita pia. Huku kwetu karibu na ikweta saa hizo jua liko utosini, kidevu kinatupa kivuli chake shingoni, nawe utadhani shingo yako ni nyeusi kuliko ilivyo. Mwanga mzuri ni wa saa tatu au nne asubuhi, au saa kumi alasiri, ukiwa kivulini pembeni mwa jua, kama vile chini ya paa la baraza. Beba kioo chako kidogo. Mwombe na mwenzako akupige picha bila fleshi.

Kisha usinunue bado. Faundesheni nyingi hubadilika zikiwa usoni. Maji na vilainishi vyake hupaa, mafuta ya ngozi huiloanisha ile rangi, na ndani ya nusu saa inakuwa imezama zaidi, au imegeuka kuwa chungwa. Kwa jasho la Dar na Mombasa mabadiliko hayo huja haraka na kwa wingi. Acha mistari usoni, zunguka. Kariakoo hakukosi shughuli, na Mombasa nenda Mtaa wa Biashara ukachague leso. Rudi baada ya saa moja, utazame tena mwangani. Ukiona mstari uliopotea mwanzoni sasa umejitokeza kama kutu, hiyo chupa iache, au chukua rangi moja ya mwanga zaidi katika aina hiyo hiyo na ujaribu siku nyingine. Najua utatembea Kariakoo na mistari mitatu tayani. Nimetembea nayo mara nyingi, na aliyewahi kuniuliza ni muuza maji mmoja tu, naye alitaka kujua kama ni tiba.

Ukikwama kati ya rangi mbili zilizolingana vizuri, mimi huchukua iliyozidi weusi kidogo. Wapambaji wengine watabishana nami. Sababu yangu ni kwamba faundesheni iliyozidi weusi unaweza kuiinua katikati ya uso kwa konsila na poda, ila iliyozidi weupe ikishapauka hakuna brashi itakayoirudisha.

Uso hauna rangi moja

Wengi wetu paji la uso na pembe za mdomo ni nyeusi kuliko mashavu. Chini ya macho kuna lake. Shingo nayo kwa wengine ni nyeusi kuliko uso, kwa wengine ni ya mwanga kwa kuwa hailioni jua. Utafuata ipi?

Fuata sehemu ya mwili itakayoonekana siku hiyo. Ukivaa gauni la mabega wazi, kifua na mabega ndiyo mengi zaidi, uso ulingane navyo, na shingo uipitishie brashi iliyobaki na rangi. Ukivaa hijabu iliyofunga hadi kidevuni, shingo imetoka kwenye hesabu: linganisha na taya na pembeni mwa shavu, halafu tazama kama viganja na uso vinajuana, maana ndivyo vitu viwili tu watu watakavyoviona. Buibui jeusi huongeza tofauti, uso wowote huonekana wa mwanga zaidi ndani yake, kwa hiyo jaribu ukiwa umelivaa. Na faundesheni ikae dakika kumi kabla ya kufunga mtandio, la sivyo nusu ya hela yako itahamia kwenye kitambaa.

Madoa meusi ya chunusi usiyafunike kwa kuongeza tabaka la faundesheni. Weka kwanza nukta ya konsila ya rangi ya chungwa juu ya doa lenyewe (kwa ngozi ya mwanga zaidi tumia ile ya pichi), igonge hadi itulie, ndipo faundesheni ipite juu kwa wepesi. Chungwa huua ule ubuluu wa doa. Ukiiruka hatua hii utakoleza tabaka, na tabaka nene hata likiwa la rangi yako sahihi huonekana kama barakoa.

Lazima niseme na la mkorogo, yaani krimu za kujichubua, kwani huwezi kutafuta rangi ya kitu kinachobadilishwa kila usiku. Utani wa mtaani wa uso Fanta, miguu Kokakola umetokana na jambo la kweli: uso hupokea dawa, vifundo vya vidole, masikio na viwiko hugoma. Mtu wa namna hii atanunua namba mpya kila baada ya miezi mitatu, na hakuna itakayokaa, kwa kuwa hakuna shingo ya kulinganisha nayo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yenyewe inaweza kuleta mabaka ya ubuluu na kijivu ambayo ni magumu kuondoka, na zebaki inayopatikana kwenye baadhi ya krimu hizo hudhuru figo. Kama ulikuwa unatumia na umeacha, muone daktari wa ngozi, na usinunue chupa kubwa ya faundesheni sasa. Rangi yako bado iko safarini kurudi. Nunua ndogo, au chukua mbili za kuchanganya, kama nitakavyoeleza.

Bi harusi naye yuko safarini, kwa njia njema. Amewekwa ndani, anasingwa kwa singo, amepakwa liwa, halioni jua wiki nzima au mbili. Ngozi inayotoka huko si ile iliyojaribiwa rangi mwezi uliopita. Nimeona wapambaji wazuri wakiaibika kwa hili: jaribio lilifanywa mapema, bi harusi akiwa bado anakwenda kazini kwa bodaboda juani, na siku ya harusi faundesheni ikakaa kama kofia. Mwambie mpambaji wako aje aangalie tena siku mbili kabla, hata kwa dakika kumi.

Fleshi na poda

Picha nyingi za harusi zetu hupigwa usiku. Ule unga mweupe wa titani, pamoja na zinki iliyomo kwenye mafuta na faundesheni za kuzuia jua, huakisi mwanga wa fleshi. Poda nyeupe za silika ambazo kwenye kioo hazionekani kabisa hufanya vivyo hivyo. Kwa macho umependeza, kwenye picha umemwagiwa unga wa sembe. Mchana paka kinga ya jua bila wasiwasi, ngozi nyeusi nayo inaihitaji kama unataka madoa yasikolee. Usiku wa shughuli chagua faundesheni isiyo na kinga hiyo, na kabla ya kutoka nyumbani zima taa ujipige picha kwa fleshi ya simu. Ukiona weupe chini ya macho, bado una muda wa kupangusa.

Chupa mbili

Ukishajua kina na rangi yako ya chini, nashauri ununue chupa mbili ndogo za kampuni moja na aina moja: moja ya rangi yako, nyingine ya hatua moja au mbili chini kwa weusi. Januari na Februari jua la pwani linapochoma, ngozi inazama. Masika na baridi ya Julai inainuka. Badala ya kusema faundesheni imeharibika, ongeza tone. Changanya mgongoni mwa kiganja au kwenye kisahani, si ndani ya chupa, na uhesabu matone ili kesho uweze kurudia.

Usichanganye za msingi tofauti. Soma nyuma ya chupa: kama viungo vya mwanzo ni maji na mafuta ya kawaida, hiyo ni familia moja, kama juu kabisa kuna maneno yanayoishia na "cone" au "siloxane", hiyo ni ya silikoni. Ukizikutanisha zinakataana, uso unafanya vipande vipande kama maziwa yaliyokatika. Praima nayo ifuate familia ile ile.

Bei ikiwa nusu ya ile ya duka la jirani, shuku. Faundesheni bandia huja na namba sahihi nje na rangi yoyote ndani, kwa hiyo kazi yote uliyoifanya inapotea. Angalia maandishi ya chupa na ya boksi kama yanalingana, herufi kama zimenyooka, namba ya toleo kama ipo kote kuwili. Usikubali ya kupimiwa kwenye kikopo kutoka chupa kubwa. Tangu 2019 udhibiti wa vipodozi Tanzania uko kwa TBS, Kenya kuna KEBS, na bidhaa iliyopita mikononi mwao kihalali haina sababu ya kuuzwa chini chini.

Kuna mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa kifuniko nyuma ya chupa nyingi, umeandikwa, mathalani, 6M au 12M. Hiyo ni miezi tangu siku uliyoifungua. Bandika kipande cha plasta kwenye chupa, uandike mwezi ulioifungua na hesabu ya matone yako: "Februari, 2 kwa 1". Yangu ya sasa imeandikwa hivyo hivyo. Ile ya sendofu sikuitupa. Niliitumia chini ya macho, tone moja moja, hadi miezi yake kumi na miwili ikaisha.